Kikombe Guniani: Ushahidi wa Mazingira katika Rufani za Mauaji

Neno mazingira latokana na kitenzi zingira, yaani kuzunguka pande zote. Maana hiyo ya asili yatufaa tuchunguzapo historia ya rufani za mauaji katika Afrika ya Mashariki, hususa pale ambapo hakuna shahidi aliyeona tendo likitendeka. Mshtakiwa huzingirwa na mambo madogo madogo: aligombana na marehemu, alionekana njiani, nguo yake ilikutwa na damu. Kazi ya mahakama ya rufani ni kutazama kama uzio huo umeacha mwanya.

Mwaka 1949, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi ya Kipkering arap Koske, iliamua kwamba mambo yanayomwelemea mshtakiwa sharti yasipatane kamwe na kutokuwa kwake na hatia, wala yasielezeke kwa dhana nyingine yoyote ya busara. Mzigo wa kuyathibitisha ni wa upande wa mashtaka daima. Yafaa ikumbukwe kwamba adhabu ya mauaji ilikuwa kitanzi, na jaji hakuwa na hiari ya kutoa nyingine.

Mwaka 1952, majaji wa London waliosikiliza rufani za makoloni walitoa tahadhari katika kesi ya Teper, mtu wa Guiana aliyeshtakiwa kuchoma duka. Walikumbusha kikombe cha fedha ambacho Yusufu aliamuru kitiwe katika gunia la Benyamini. Kilipoonekana, nduguze walifanya haraka kumdhania mwizi. Mwaka 1958, katika kesi ya Simon Musoke, mahakama yetu iliipokea tahadhari hiyo: kabla ya kukata shauri, jaji ahakikishe kwamba hakuna hali nyingine sambamba inayodhoofisha au kuvunja hitimisho lake.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanakijua kisa hicho, kwani kilitungiwa utenzi huko Pwani. Katika Kurani mna vielelezo viwili zaidi. Kanzu iliyopakwa damu ya uongo ililetwa na nduguze Yusufu kumsingizia mbwamwitu, lakini Yakubu hakusadiki. Kanzu nyingine, iliyochanwa kwa nyuma, ilimtoa Yusufu lawamani. Nguo haisemi, husemewa na anayeitafsiri.

Mahakama ya Rufani ya Kenya, iliyorithi kazi hiyo mwaka 1977, ilikariri mwaka 2003 kwamba tuhuma, hata ikiwa nzito namna gani, si msingi wa kumtia mtu hatiani. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Uamuzi huo ulimpa jaji hiari juu ya adhabu. Haukugusa swali la hatia. Aliyefungwa kwa kikombe kilichotiwa guniani mwake na mwingine hafutiwi hatia kwa kupunguziwa miaka. Huyo bado ategemea kanuni ya 1949, na majaji wenye subira ya kuutafuta mwanya.