Christopher Mtikila

Christopher Mtikila (1950 – 4 Oktoba 2015) alikuwa mchungaji na mwanasiasa wa Tanzania, mwanzilishi na mwenyekiti wa chama cha Democratic Party, kwa kifupi DP. Hakuwahi kushinda uchaguzi wa ubunge wala wa urais, na chama chake kilikaa miaka kumi bila usajili wa kudumu. Hata hivyo jina lake linatajwa katika kila somo la sheria ya katiba nchini kutokana na kesi alizofungua kuhusu mikutano ya hadhara na haki ya mgombea binafsi. Anakumbukwa pia kwa hotuba zake za mwanzoni mwa miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam, ambazo ziliwalenga wafanyabiashara wenye asili ya Asia na kudai kurudishwa kwa Tanganyika.

Maisha ya awali

Mtikila alizaliwa Ludewa, ambayo sasa iko mkoa wa Njombe. Kabla ya kujulikana katika siasa alikuwa mhubiri wa kilokole, akiongoza kanisa la Full Salvation jijini Dar es Salaam. Namna yake ya kuhutubia ilibaki ya mimbarini hadi mwisho: sauti kubwa, majina ya kejeli kwa wakubwa, na mgawanyo wa wazi kati ya wema na waovu.

Dar es Salaam ya mfumo wa vyama vingi

Ili kuelewa kwa nini hotuba zake zilipata wasikilizaji wengi, ni lazima kuangalia jiji lenyewe. Serikali za kikoloni za Wajerumani na Waingereza ziliipanga Dar es Salaam kwa rangi: Wazungu kando ya bahari, Wahindi katikati ya mji kwenye maduka, na Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Baada ya uhuru mipaka hiyo haikuwa tena ya kisheria, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, ambayo wamiliki wake wengi walikuwa na asili ya Asia. Lakini biashara kubwa ya jumla na ya uagizaji ilibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa familia hizo.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Kariakoo ilijaa bidhaa na watu. Vijana kutoka mikoani walipanga mitumba na vyombo chini, kandokando ya mitaa kama Msimbazi na Kongo, mbele ya maduka ya wenye mitaji. Mgambo wa jiji waliwafukuza, nao walirudi kesho yake. Mwaka 1991 CCM ilipitisha Azimio la Zanzibar, ambalo liliwaruhusu viongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba, mambo yaliyokatazwa na Azimio la Arusha la 1967. Kwa machinga aliyenyang'anywa meza, ilikuwa rahisi kuamini kwamba kiongozi na tajiri sasa wanakula sahani moja.

Mfumo wa vyama vingi ulianza rasmi tarehe 1 Julai 1992. Mtikila alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutumia kwa nguvu.

Hotuba na ghasia za 1993

Wafuasi wake walikusanyika hasa katika viwanja vya Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, hatua chache kutoka Kariakoo. Maneno mawili ya wakati huo yanahusishwa naye. La kwanza ni "walalahoi", yaani watu wanaolala wakiwa hoi kwa kazi isiyowalipa. La pili ni "magabacholi", neno la matusi alilowaita wafanyabiashara wenye asili ya Asia pamoja na viongozi aliodai kuwa wanashirikiana nao kuiba mali ya nchi. Neno la kwanza limebaki katika Kiswahili cha kila siku, na wengi wanaolitumia hawajui lilikovumia. La pili ni nadra kusikika siku hizi.

Mnamo Januari 1993, baada ya mkutano wake wa hadhara, vijana walizagaa mitaani wakirusha mawe na kushambulia watu na mali za raia wenye asili ya Asia. Mtikila alikamatwa na kushtakiwa. Kwa miaka iliyofuata aliingia na kutoka mahakamani mara nyingi kwa tuhuma za uchochezi.

Siasa za aina hii, zinazowagawa watu kuwa "wananchi halisi" upande mmoja na wakubwa pamoja na "wageni" upande mwingine, hazikuwa za Tanzania peke yake. Januari hiyohiyo, nchini Austria, mwanasiasa Jörg Haider alikuwa anakusanya saini za wananchi chini ya kaulimbiu ya "Austria Kwanza", akitaka wahamiaji wapunguzwe. Tofauti ni kwamba Haider aliwalenga wahamiaji maskini, ilhali Mtikila aliwalenga watu walioonekana kuwa na mali. Wengi wao walikuwa raia waliozaliwa nchini, na si wote walikuwa matajiri: karani wa duka na fundi saa wa Uhindini walirushiwa mawe yaleyale.

Julius Nyerere, akiwa amestaafu, alipinga siasa za ubaguzi katika hotuba zake za miaka hiyo. Alifananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu: aliyeanza haachi, na baada ya kumaliza kundi moja hutafuta jingine. Hata hivyo hoja ya kuwapa wazawa nafasi zaidi katika uchumi haikuisha. Ilirudi baadaye kwa jina la "uzawa" na kutetewa na watu wenye heshima ndani ya CCM yenyewe, akiwemo waziri Iddi Simba.

Tanganyika na usajili wa DP

Mtikila aliuona Muungano wa 1964 kuwa umeifuta Tanganyika bila ridhaa ya watu wake. Msimamo huo ulikinyima chama chake usajili. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ilitaka kila chama kiwe na wanachama pande zote mbili za Muungano, na DP ilikuwa inahubiri kuuvunja. Madai ya Tanganyika hayakuwa yake peke yake: mwaka 1993 wabunge 55 wa CCM, waliojulikana kama G55, walipeleka bungeni hoja ya kuunda serikali ya Tanganyika, na Nyerere alilazimika kuingilia kati. DP ilipata usajili wa kudumu mwaka 2002, baada ya kukubali masharti ya sheria.

Kesi za katiba

Mwaka 1993 Mtikila alifungua katika Mahakama Kuu, Dodoma, Kesi ya Madai Na. 5 dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu tarehe 24 Oktoba 1994. Alikubali kwanza kwamba raia yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea Katiba chini ya ibara ya 26(2), hata kama hakudhurika yeye binafsi. Hapo ndipo mlango wa kesi za maslahi ya umma ulipofunguka Tanzania. Kisha aliamua kwamba sharti la kuomba kibali ili kufanya mkutano wa hadhara lilikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba raia anaweza kugombea bila kupitia chama. Hoja za kupinga uhalali wa Muungano hazikufaulu.

Kuhusu mikutano, utaratibu wa kibali ulibadilishwa kuwa wa kutoa taarifa kwa polisi, ingawa polisi waliendelea kuwa na uwezo wa kuizuia. Kuhusu mgombea binafsi, Bunge lilibadilisha Katiba Desemba 1994 na kuandika wazi kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama. Haki iliyotambuliwa na mahakama Oktoba ilikuwa imezibwa kabla ya uchaguzi wa 1995.

Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005. Mahakama Kuu ilimpa ushindi tena Mei 2006, lakini tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ilitengua hukumu hiyo na kusema suala hilo ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge.

Ndipo alipokwenda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walifungua shauri kama hilo, na mashauri yakaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama iliamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kwa kumlazimisha raia kujiunga na chama ili agombee. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuikuta nchi na hatia baada ya kusikiliza shauri lenyewe. Mwaka 2014 madai yake ya fidia ya fedha yalikataliwa kwa kukosa ushahidi.

Hukumu hiyo haijatekelezwa. Mwaka 2019 Tanzania ilitangaza kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na hadi uchaguzi wa 2025 hakuna aliyegombea bila chama.

Uchaguzi na Bunge la Katiba

Mtikila aligombea urais mara moja, mwaka 2005. Alipata kura 31,083, chini ya nusu asilimia, katika uchaguzi ambao Jakaya Kikwete alishinda kwa zaidi ya asilimia 80. Waliomshangilia Jangwani mwaka 1993 hawakugeuka kuwa wapiga kura wa DP. Chama hakikuwa na matawi ya kutosha wala watu wa pili wanaojulikana baada ya mwenyekiti.

Mwaka 2014 alikuwa mjumbe wa Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma. Rasimu ya tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu, ikiwemo ya Tanganyika, na pia mgombea binafsi. Serikali tatu ziliondolewa na wajumbe walio wengi, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa.

Kifo

Mtikila alifariki alfajiri ya tarehe 4 Oktoba 2015 katika ajali ya gari eneo la Msolwa, karibu na Chalinze, mkoani Pwani, akirejea Dar es Salaam kutoka Njombe. Zilibaki wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu, ambao DP haikuwa na mgombea urais. Alizikwa Ludewa. Chama kilibaki katika daftari la msajili na mwaka 2020 kilisimamisha mgombea urais.