Babu Alikwenda Kariakoo

Nilipokuwa mdogo, babu aliniambia eti babu yake alikwenda Kariakoo asirudi. Nikacheka. Nilidhani mzee alitoka kwetu Ugogo kwenda sokoni Dar es Salaam, akanogewa na mji. Babu hakucheka.

"Mjukuu wangu, Kariakoo ya wakati ule haikuwa soko. Ilikuwa vita."

Sasa nimemaliza kidato cha nne, nimepanga chumba hapa mjini, na riwaya ninayohangaika nayo ni ya mtu huyo. Basi nikaanza kuulizauliza.

Kariakoo ni Carrier Corps katika matamshi yetu: wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyouachia mtaa ule jina. Mbung'o waliua farasi na punda wa jeshi, magari yalizama kwenye matope, ikabaki shingo ya Mwafrika. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, lakini Waingereza peke yao walichukua watu wanaokaribia milioni moja. Waliokufa hukadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na unga usioiva.

Waingereza waliingia Dodoma Julai 1916. Babu wa babu yangu alikamatwa baada ya hapo, hajafika hata miaka 25, mkewe ana mimba. Akatwishwa mzigo, akapelekwa upande wa Rufiji, mwanzo wa 1917, mvua hazikatiki. Mwenzake aliyerudi alisimulia kwamba tumbo ndilo lililoanza. Siku ya tatu akakaa chini kando ya njia. Wakagawana mzigo wake, safari ikaendelea. Maziko yake ndiyo hayo.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Majeshi yalikwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, wanaume hawapo, mvua ikagoma. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, 1917 hadi 1920. Yule mama alinusurika na kichanga chake. Mshahara wa mumewe hakuuona, kama wajane wengine wengi.

Pale Posta, Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927. Maandishi ya chini yanawataja wabeba mizigo pia, lakini aliyewekwa juu ni mwenye bunduki. Mbeba mzigo kaachiwa jina la soko, nasi tunalitaja kila siku, "nashuka Kariakoo," bila kumkumbuka.

Katika riwaya yangu nataka, siku ile ya tatu, mwenzake mmoja atue mzigo akae naye mpaka mwisho. Nilimweleza babu. Akakataa katakata.

"Hakuna aliyekaa. Andika hivyo hivyo."

Nimeandika hivyo hivyo mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi. Wewe mwandishi mwenzangu, ungefanyaje?