Kichwa cha mashini kilichorudi nyumbani

Mwisho wa 2005, vita vya jeshi na Mai-Mai vilipotukimbiza Malemba-Nkulu, mama mmoja wa chama chetu aliacha meza na pedali ya mashini yake, akafunga kichwa peke yake kwenye baiskeli. 2006, kisha Gédéon kujitoa kwa MONUC, alirudi nacho kimejaa kutu. Fundi alikifungua kwa turnevisi, akakiosha na petroli, akatia mafuta, akapanga kroshe upya: sindano ikisha kupanda kama milimita 2, kroshe inakamata uzi wake. Basi, kikashona! Namna hiyo haijabadilika sana tangu Isaac Singer apate patenti yake Marekani, 1851.

Kampuni ya Singer yenyewe ilitoa Athena 2000, mashini ya elektroniki, mwaka 1975. Inachagua mishono kwa kubonyeza tu, ni nzuri kweli. Lakini ile ya ordinateri tuliyopewa sisi, kuran ya grupu iliunguza karte yake. Hapa hakuna wa kuitengeneza. Lubumbashi walituambia tununue karte nzima. Leo bamama wanaweka madaftari juu yake.

Bandugu wafadhili, safari ijayo mtutumie mikanda, sindano na bobini.