Mrija wa Damu na Safura ya Shangazi

Mwaka 1986 shangazi yangu aliletwa Dar es Salaam kutoka Rufiji akiwa amekonda, viganja na ulimi vimempauka, na akipanda ngazi tatu huhema kama mtu aliyefukuzwa na nyati. Mwenyewe alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza. "Mwanangu, hii ni safura," aliniambia. Sisi wa mjini tulitazamana tukacheka. Safura! Maneno ya kina bibi hayo. Tukampeleka hospitali.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Walimtoa damu, wakaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, wakaivuta ndani ya mrija mwembamba wa kioo na kuusimamisha kwenye kichanja cha mbao karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje, mlango u wazi, nikiona yote. Kijana wa maabara akatoka kwenda kula. Jua la saa saba likaingia dirishani na kuukalia ule mrija. Aliporudi, saa yangu ya mkononi ilikuwa imekwisha kupitisha saa moja na nusu, na kichanja kimeegemea ukuta. Akasoma, akaandika 95. Daktari alipoiona namba ile na kusikia kikohozi kidogo alichokuwa nacho shangazi, hakutaka tena maelezo. Kifua kikuu.

Basi, mpenzi msomaji, ikawa sindano kila siku kwa miezi miwili, na nyumbani tukamtengea sahani yake na kikombe chake cha bati. Majirani waliokuwa wakija kuzungumza naye barazani wakapungua mmoja mmoja. Wala hawakusema neno. Walipungua tu.

Ni miaka mingi imepita, na nimekuwa nikiusoma mrija ule habari zake kama mtu anayemchunguza shahidi wa uongo. Nimegundua kwamba shahidi si mwongo hata kidogo, ila sisi hatukujua kumhoji.

Kipimo chenyewe kila aliyewahi kulazwa amekisikia: wanakiita ESR. Kinapima jinsi mashapo ya damu yanavyotuama. Ukiiacha damu isiyoganda ndani ya mrija uliosimama wima, chembe nyekundu huzama taratibu na juu hubaki maji ya manjano. Mrija una urefu wa sentimita 30 na alama za milimita toka sifuri mpaka 200. Baada ya saa moja kamili husomwa nyekundu imeshuka milimita ngapi. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya 20 au hapo karibu. Kwa mgonjwa sana hupita 100.

Kwa nini damu ya mgonjwa ikimbilie chini? Mwili unapopigana na ugonjwa, ini hutoa kwa wingi protini fulani, kubwa miongoni mwake ikiitwa fibrinojeni, na protini hizo huzifanya chembe nyekundu zishikamane na kupangana kama sarafu zilizofungwa kwenye karatasi benki. Fungu la sarafu huzama upesi kuliko sarafu moja moja. Mwaka 1851 mtaalamu wa hesabu wa Cambridge, George Gabriel Stokes, alionyesha kwamba kipande cha duara kikizama katika maji, mwendo wake hukua kwa mraba wa ukubwa wake: ukiongeza upana mara mbili, mwendo unaongezeka mara nne. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayofanya mchanga wa mto utue kabla ya matope, na matope yabaki siku nzima yakielea ndani ya ndoo.

Aliyeitambua kwanza maana ya jambo hili katika hospitali alikuwa daktari wa Poland, Edmund Biernacki, aliyeandika mwaka 1897 kwamba mwendo wa kutuama hutofautiana kwa mgonjwa na mzima. Dunia haikumsikiliza, naye akafariki mwaka 1911. Mwaka 1918 Robert Fåhraeus wa Sweden akaliona tena jambo lile kwa njia nyingine. Yeye alikuwa akitafuta kipimo cha mimba! Aliona damu ya wajawazito inatuama haraka, akafurahi, kisha akaona ya wagonjwa wengi nayo ni hivyo hivyo. Mwenzake Alf Westergren mwaka 1921 akakitumia kipimo kwa wagonjwa wa kifua kikuu, kuangalia nani anapata nafuu na nani anazidiwa, na mrija anaotumia mpimaji mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Angalieni vizuri hapo. Kilikuwa kipimo cha kumfuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikwisha julikana. Kuutambua ugonjwa ni kazi nyingine, na tangu Robert Koch alipomwona mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882, kazi hiyo ni ya darubini na makohozi.

Lakini Fåhraeus alikuwa mtu wa kuchimba historia, na hapo ndipo aliponikuta mimi na shangazi yangu. Alijiuliza Wayunani wa kale walitoa wapi ile elimu yao kwamba mwili wa binadamu una maji manne: damu, balghamu, safura na sauda. Jibu lake lilikuwa jepesi. Chukua damu, iweke katika chombo cha kioo igande. Chini kabisa utaona bonge jeusi, hiyo ni sauda. Juu yake nyekundu, damu yenyewe. Juu yake utando mweupe mweupe, balghamu. Na juu kabisa maji ya manjano, yaani safura. Kwa mawazo ya Fåhraeus, elimu iliyotawala matibabu kwa karne nyingi ilizaliwa na watu waliokaa wakitazama damu ikituama. Na waganga wa Ulaya waliokuwa wakiwatoa wagonjwa damu waliutazama sana ule utando mweupe: ukiwa mnene walisema balghamu imezidi. Kumbe nyekundu ilikuwa imezama haraka kabla damu haijaganda, ikauacha utando juu. Walikuwa wakisoma ESR bila ya saa wala mrija.

Elimu ile ya Galen ikaingia kwa Waarabu, Ibn Sina akaiandika katika Kanuni yake, na lugha ya Kiarabu ikatuletea pwani maneno yake. Ndiyo maana mpaka leo tunatema balghamu. Na safura, ambayo asili yake ni neno la umanjano, kwetu limehama kutoka maji ya nyongo likawa jina la ugonjwa wa kupauka, kuvimba na kuishiwa nguvu, ule unaoletwa na minyoo wanaonyonya damu tumboni.

Sasa yupo bwana mwingine katika habari hii, Arthur Edwin Boycott, daktari wa Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya ishirini yeye na J. S. Haldane walichunguza wachimba madini wa Cornwall waliokuwa wakipauka na kuishiwa pumzi ngazini. Ugonjwa wao ulikuwa nini? Safura, minyoo ile ile ya Rufiji, iliyopata joto na unyevu chini ya mgodi. Halafu mwaka 1920 huyo huyo Boycott akaandika barua fupi katika jarida la Nature: ameona kwamba damu ikiwekwa katika mrija ulioinama hutuama haraka zaidi kuliko katika mrija wima. Sababu yake ni kwamba katika mrija ulioinama chembe hazina safari ndefu. Zinadondoka hatua fupi mpaka ukuta wa chini, kisha zinateleza kwa pamoja kama mchanga ubavuni mwa kilima, na maji safi yanapanda upande wa juu.

Kwa mpimaji wa hospitali huo ni msiba. Mrija ukiinama digrii chache tu namba inapanda, na joto nalo linaipandisha. Kwa wahandisi ikawa neema. Mitambo ya kusafisha maji ya mjini na viwanda vya kuoshea madini hutumia vibamba vingi vilivyopangwa kwa kuinama, ili matope yatue katika nafasi ndogo badala ya bwawa la ekari nzima. Kosa la yule kijana aliyeegemeza kichanja ukutani ni ufundi unaolipiwa mahali pengine.

Na si mwinamo tu. Upungufu wa damu wenyewe unapandisha namba, maana chembe zikiwa chache hazizuiani njiani. Kinyume chake, mwenye selimundu huweza kuwa taabani na namba yake ikawa ndogo, kwa sababu chembe zenye umbo la mundu hazipangiki kama sarafu. Malaria, mimba, umri, yote yamo. Katika nchi zetu, ambako mtu mmoja hubeba mawili matatu kwa pamoja, mrija unakwambia ndani kunaungua, lakini haukwambii ni jikoni au chumbani.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka ule jambo hili lilikwisha julikana hapa hapa nchini. Mpango wa taifa wa kifua kikuu ulianza mwaka 1977, akishiriki Dk. Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia aliyepata kuugua kifua kikuu mwenyewe, na nguzo yake ilikuwa kupima makohozi kwa darubini. Mfumo uliojaribiwa Tanzania ndio Shirika la Afya Duniani lililokuja kuueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Makohozi ya shangazi hayakupimwa na mtu hata mmoja.

Aliyetuokoa alikuwa mama mmoja mpimaji wa zahanati, mtu wa makamo, aliyemtazama shangazi kope za macho kisha akauliza, "Mmempima choo?" Hatukuwa tumempima. Akaweka kidogo chini ya darubini yake, akaniita nichungulie. Mayai ya minyoo yalikuwa yamejaa. Makohozi yalipopimwa, mara tatu, hayakuwa na kitu.

Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma. Mwezi wa pili viganja vikaanza kurudi rangi. Hakutusema, ila alipokuwa akiaga alimwambia mke wangu, mimi nikisikia, kwamba huko kwao safura huitambua hata mtoto. Msimu uliofuata alilima, safari hii na viatu vya mpira nilivyomnunulia Kariakoo, ingawa nasikia kila akifika shambani alikuwa akivivua na kuvitundika mtini.