Nyekundu ya Pwani Mbili

Kila Novemba, Sikukuu ya Taifa ikikaribia, nyumba za Ansab, wilayani Bawshar, hutundika bendera ya Oman: nyeupe, nyekundu na kijani, na jambia pembeni juu ya panga mbili zilizopishana. Baadhi ya nyumba hizo sebuleni husemwa Kiswahili. Wazee wa humo wakiitazama bendera, jicho hutua kwenye ule wekundu.

Zama za Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Unguja, bendera ilikuwa nyekundu tupu pwani zote mbili. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombea urithi: Thuwaini akashika Maskati, Majid Unguja. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, alikata shauri ziwe dola mbili, Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kwa mwaka. Dola waligawana, bendera kila mmoja alibaki nayo ile ile.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga kasri la Unguja kwa mizinga, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikalia kiti cha enzi bila ridhaa yao. Haikutimia saa moja, na mamia ya watu walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Mombasa nako nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome mpaka Desemba 1963, maana ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wake, Waingereza wakiukodi.

Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru, na katikati ya nyekundu pakawekwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Kwangu mimi hakuna bendera iliyowaeleza wazee wale wa Ansab vizuri zaidi: asili ya baba na shamba la mama katika kitambaa kimoja. Ilidumu siku 33. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliua maelfu. Waliosalimika wengi walitawanyika, Ghuba, Misri, Uingereza.

Julai 1970 Sultani Qaboos alishika hatamu za Oman akawaita Waomani walio nje warudi. Walirudi na elimu yao, wakaingia wizarani, hospitalini, mashuleni. Desemba ya mwaka huo huo bendera mpya ya Oman ilitangazwa. Hao waliorudi, Unguja waliitwa Waarabu. Maskati wakaitwa Wazanzibari.

Bendera ya Zanzibar ya leo, iliyoanza kutumika 2005, ni buluu, nyeusi na kijani, na ya Tanzania kwenye pembe. Nyekundu haimo. Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne. Aliruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, akafariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024.