Matamshi na Asili ya Mtu, Masisi na Walikale



Kwenye bariera mtu anasikilizwa r na l zake, kisha inasemwa: huyu si wa hapa. Ni hukumu ya zamani. Someni Waamuzi 12: watu walichinjwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka "Shibolethi".

Lakini Kiswahili hapa ni cha nani? Kilitoka pwani, kikapita Maniema na wafanyabiashara wa pembe na watumwa katika karne ya 19. Wahunde, Wanyanga, Watembo, kila mmoja alikipokea kwa ulimi wake. (Mtu wa Unguja angetucheka sisi sote!) Wanyarwanda vilevile, ambao kuanzia 1937 Wabelgiji waliwaleta kwa maelfu Gishari, Masisi.

Sheria ya 1972 iliwapa wengi wao uraia, ya 1981 ikauondoa. Machi 1993 mauaji yakaanza sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Sheria ya Novemba 2004 inatazama makabila yaliyokuwa nchini wakati wa uhuru, 1960. Matamshi haiyataji popote.