Kabongo, Nchi ya Kalala Ilunga

Wapo wanaosema kwamba ufalme wa Baluba ni wa Kasongo Niembo peke yake, na kwamba Kabongo ni kipande tu kilichokatwa na Wabeleji. Maneno hayo tumeyavumilia muda mrefu. Sasa yajibiwe kwa tarehe.

Mwanzo alikuwapo Nkongolo Mwamba, mtu mwekundu na mkatili, aliyetawala karibu na ziwa Boya. Akaja kutoka mashariki mwindaji Mbidi Kiluwe, mwenye adabu za kifalme: hakula mbele za watu, wala hakucheka akaonyesha meno. Nkongolo akamdhihaki kwa hayo. Mbidi akaudhika, akarudi kwao, lakini Bulanda, dada yake Nkongolo, alikuwa na mimba ya Mbidi. Mtoto akazaliwa, ndiye Kalala Ilunga.

Hapa wazee hawapiti haraka, nami sitapita. Nkongolo alimwonea mpwa wake wivu. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika mkeka, kisha akamwalika kijana aje acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa mapigo, kwa kuwa ngoma ya Baluba husema, na mwenye masikio husikia. Kalala akarusha mkuki wake, ukatoboa mkeka, shimo likawa wazi mbele ya watu wote. Akakimbia, akavuka mto Lualaba mpaka kwa baba yake, akarudi na jeshi. Nkongolo alikamatwa akakatwa kichwa, na juu ya kichwa hicho kikaota kichuguu cha udongo mwekundu. Roho yake ndiyo ule upinde unaotokea angani baada ya mvua.

Kalala akaweka makao yake Munza. Munza iko wapi? Iko huku kwetu, na Boya liko huku kwetu.

Waliomfuata, Ilunga Sungu, Kumwimba Ngombe na Ilunga Kabale, walipanua nchi. Kasongo Kalombo ndiye aliyefikiwa na msafiri Mwingereza Cameron mwaka 1874.

Baada ya Kasongo Kalombo watu wa nyumba ya kifalme walipigania kiti. Mmoja wao, Kasongo Niembo, aliwapinga Wabeleji mpaka mwaka 1917, wakamkamata wakampeleka Buta. Ushujaa huo hatuukatai. Kumwimba Shimbu, ambaye ndiye Kabongo mwenyewe aliyeupa mji jina, alipatana nao. Wengine humlaumu. Sisi twasema alibaki na watu wake kwenye ardhi ya Kalala, na mulopwe, yaani mfalme, asiye na watu atamtawala nani?

Nchi hii haikuishia kwa wafalme: mwaka 1917 huohuo alizaliwa Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat, huko Mwanya, huku kwetu. Reli ya kutoka Kamina kwenda Kabalo ilikamilika mwaka 1956, ikapita kwetu.

Lakini asingekuwapo wa kusimulia habari hizo za kale lau si Bambudye. Wao ndio waliotunza habari za wafalme kwa lukasa, ubao mdogo wenye shanga na simbi. Mbudye aliupapasa kwa kidole, na kila ushanga ukamkumbusha mfalme, safari au mahali patakatifu. Mbao nyingi sasa ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, ambako hakuna Mbudye wa kuzisoma.

Kwa hiyo ninyi wazee wa Kabongo, kama lukasa iko nyumbani mwenu, msiiuze. Iteni wajukuu, wekeni vidole vyao juu yake, muwatajie majina.